Amplifaya ya Gari Imewasha Taa Nyekundu: Anzia Nje Kabla ya Kushika Bisibisi

Kwa mafundi wa redio za magari Dar es Salaam habari hii si ngeni: mteja analeta amplifaya, mosfeti (transista kubwa za kukata na kuunga umeme) zimepasuka, zinawekwa nyingine, mashine inapiga vizuri mezani, na baada ya wiki mbili inarudi na mosfeti zilezile zimepasuka tena. Mteja anasema fundi ni kanjanja. Fundi anasema vipuri vya siku hizi ni feki. Feki zipo kweli, na tutazifikia, lakini mara nyingi kosa haliko kwa fundi wala kwenye kipuri. Kilichoiua amplifaya mara ya kwanza hakikuguswa, bado kimo ndani ya gari.

Kwanza tuelewane juu ya kilichomo kwenye boksi. Betri ya gari ina volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na 13.8 hadi 14.4 ikiwa inanguruma. Kwa volti hizo, spika ya omu 4 haipati zaidi ya wati 20 na ushei. Ndiyo maana redio iliyoandikwa wati 50 mara 4 haifikii hata nusu ya hizo ukiipima. Amplifaya inatafuta volti kubwa zaidi, kwa hiyo nusu yake ya kwanza ni sapulai: mosfeti zinaukatakata umeme wa betri mara elfu 30 hadi 60 kwa sekunde, transfoma ya duara inaupandisha, daiodi zinaunyoosha na kapasita zinautuliza. Kinachotoka ni volti za aina mbili, chanya na hasi, kwenye mashine za kawaida kati ya 25 na 40 kila upande. Nusu ya pili ni ya sauti: transista zinazochukua volti hizo na kuzisukuma kwenye spika kwa kufuata muziki.

Taa nyekundu, ile mafundi wanayoiita protekti, inawaka kwa sababu yoyote kati ya hizi: spika ina shoti, transista ya sauti imekufa, volti za betri zimeshuka mno, bati limepata joto kupita kiasi, au kuna umeme wa moja kwa moja (DC, kama wa betri) unaotoka kwenye njia ya spika. Haikwambii ni ipi. Anayeona nyekundu na kukimbilia kubadilisha mosfeti anabahatisha.

Nje ya boksi

Jaribio la kwanza halihitaji hata mita. Chomoa pini za RCA (za sauti kutoka redio), chomoa nyaya zote za spika, acha umeme, ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) na rimoti (waya mwembamba wa redio unaoiamuru amplifaya iwake) peke yake, kisha washa redio. Nyekundu ikizimika na taa ya kawaida ikabaki, mashine yenyewe huenda ni nzima. Rudisha spika mojamoja. Ile itakayorudisha nyekundu ndiyo mchawi, yenyewe au waya wake.

Spika iliyoandikwa omu 4 husoma 3.2 hadi 3.8 kwenye mita. Ikisoma chini ya 3, koili imeungua na mizunguko imegusana. Pima pia kila waya wa spika dhidi ya bodi ya gari: mita isisome chochote. Kwenye Noah, IST na gari nyingine za familia, waya unaopita chini ya reli ya kiti husagwa kidogokidogo hadi shaba inagusa bati, na hitilafu inatokea pale tu kiti kinaposogezwa mbele. Hitilafu ya namna hii humchosha fundi anayepima gari likiwa limetulia.

Kisha angalia omu za sabufa. Sabufa yenye koili mbili za omu 4 ikiungwa sambamba inakuwa omu 2. Ukiiweka hiyo kwenye amplifaya ya chaneli mbili iliyounganishwa kuwa moja, kila chaneli inaona nusu yake, yaani omu 1. Mashine nyingi za bei ya kawaida zimetengenezwa kwa omu 2 kila chaneli. Itapiga, tena kwa nguvu ya kumfurahisha mwenye gari, halafu itakufa siku ya sherehe.

Umeme sasa. Amplifaya inayotoa wati 400 za kweli kwa mfumo wa zamani, ule wa AB unaopata joto sana, inapoteza karibu asilimia 40 ya umeme kama joto. Itavuta wati 670 hivi, ambazo kwa volti 13.8 ni ampea 48. Ile ya mfumo wa D itavuta ampea 36 hivi. Chukua waya wa shaba wa milimita 8 za mraba, urefu wa mita 5 kutoka boneti hadi buti: ukipitisha ampea 40 unapoteza volti 0.44 njiani kwenye upande wa chanya peke yake. Waya wa milimita 16 unapoteza nusu ya hapo. Tatizo la soko letu ni kwamba waya mwingi unaouzwa kama shaba ni alumini iliyopakwa shaba, na plastiki yake ni nene ili ionekane ni waya mkubwa. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, ni alumini, na upotevu wa volti uongeze kwa nusu au zaidi.

Volti zikishuka, mashine yenye sapulai inayojirekebisha haipunguzi mwendo, inavuta ampea zaidi. Wati 500 kwa volti 14 ni ampea 36. Kwa volti 11 ni 45. Mosfeti zinachemka kwa sababu hiyo, na foleni za Dar zinachangia: injini inanguruma bila kukanyagwa, altaneta inatoa pungufu ya uwezo wake, kiyoyozi kinavuta, feni ya rejeta inavuta, na muziki uko juu.

Ethi ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Skrubu iliyofungwa juu ya rangi si ethi. Kwangua hadi bati ling'ae, funga kwa bolti na washa ya meno, kisha paka grisi, maana chumvi ya bahari haichelewi kuleta kutu, hasa kwa gari linalolala Kigamboni au Kunduchi. Kuipima: washa muziki kwa nguvu, weka mita kwenye volti, mguu mmoja wa mita kwenye skrubu ya ethi ya amplifaya na mwingine kwenye hasi ya betri. Ikizidi volti 0.5, ethi haifai, hata kama kwa omu inasoma sifuri. Kipimo cha omu bila mzigo kinadanganya kwa sababu uzi mmoja tu wa waya unatosha kuonyesha sifuri.

Kuhusu Coaster, Rosa na Fuso: nyingi za dizeli zina betri mbili zilizofuatana, jumla volti 24. Zoea la kuchukua volti 12 kutoka betri moja ili kulisha redio na amplifaya linaua betri zote mbili. Ile inayolisha muziki haijai kamwe, ile nyingine inachajiwa kupita kiasi hadi maji yanakauka. Tumia kibadilisha volti, 24 kwenda 12, chenye ampea zinazotosha mashine. Kilichoandikwa ampea 30 usikitegemee kwa 30 saa nzima.

Na fyuzi. Inakaa karibu na betri, sentimita 30 hadi 45, kwa sababu inalinda waya, sio amplifaya. Ukiweka msumari au waya badala ya fyuzi, waya wote unaopita chini ya zulia unageuka kuwa kitu cha kuungua.

Fyuzi inakata wakati gani?

Nje pakishakuwa safi, mashine iende mezani. Jambo la kuangalia kwanza ni wakati fyuzi inapokata, kwani hapo ndipo nusu mbili za boksi zinapojitenga.

Ikikata mara tu unapounga betri, kabla ya kuipa rimoti umeme, shida iko kwenye mosfeti za sapulai, au kwenye daiodi ya ulinzi iliyoungwa kati ya chanya na ethi. Daiodi hiyo imewekwa ili ife mtu akigeuza nyaya za betri, na ikifa inabaki na shoti. Ukiikuta imekufa na mosfeti ni nzima, una bahati: itoe, weka mpya, maliza. Ikiwa fyuzi inavumilia hadi rimoti inapopata umeme, halafu inakata au nyekundu inawaka, mosfeti huenda ni nzima na shoti iko mbele yake: daiodi za kunyoosha au transista za sauti. Ikiwa hakuna taa kabisa, pima rimoti kwanza. Kwenye redio nyingi waya wa rimoti ya amplifaya ni wa bluu wenye mstari mweupe. Wa bluu mtupu ni wa antena, na kwenye redio kadhaa huo unazimika ukihama kutoka redio kwenda flashi.

Usijaribu mashine yenye hitilafu kwa betri moja kwa moja. Unga globu ya taa kubwa ya gari, wati 55, kwenye waya wa chanya ili umeme wote uipitie. Mashine nzima itaiwasha globu kwa mweko mfupi wakati kapasita zinajaa, kisha itafifia. Mashine yenye shoti itaiwasha kwa mwanga kamili, na umeme hautazidi ampea 5 hivi, kwa hiyo hakuna kitakachopasuka usoni kwako. Globu ya indiketa ya wati 21 inalinda zaidi, ila sapulai nyingine hukataa kuamka nyuma yake.

Mosfeti, kwa makini

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Sapulai ina makundi mawili ya mosfeti, kila kundi likiwa na mbili, tatu au zaidi zilizoungwa sambamba. Miguu yao ni G (geti, unaoamuru), D (dreni) na S (sosi), ambayo umeme mkubwa unapitia kati yake. Ukiweka mita kwenye alama ya daiodi, waya mwekundu wa mita kwenye S na mweusi kwenye D, mosfeti nzima inasoma 0.4 hadi 0.6, ukigeuza haisomi. Lakini hilo ni kwa mosfeti iliyo mkononi. Ikiwa bado kwenye bodi, moja tu ikifa, zote za kundi lake zitasoma shoti kati ya D na S. Na si kundi lake tu: miguu ya D ya makundi yote mawili inakutana kwenye koili ya transfoma, ambayo ni waya mnene na mfupi usio na omu za kuhesabika. Matokeo yake, mosfeti moja iliyokufa inafanya zote zionekane zimekufa.

Njia ya kuitambua bila kung'oa zote ni mguu wa G. Kila mosfeti ina rezista yake ndogo kwenye G, mara nyingi kati ya omu 22 na 100, na hiyo inaitenga na wenzake. Pima omu kati ya G na S, mojamoja. Iliyokufa mara nyingi itasoma karibu na sifuri. Nzima zitasoma zaidi, kwa sababu njia inapita kwenye rezista mbili. Ukishaijua, bado badilisha zote za makundi yote mawili. Iliyobaki nzima ilibeba mzigo wa mwenzake aliyekufa, na kundi lenye mosfeti za umri tofauti haligawani mzigo sawa.

Zikishatoka, pima rezista zote za G, kwani mosfeti ikipasuka hupeleka volti za betri kinyumenyume. Pima na transista ndogo za PNP zinazoshusha volti za G ili mosfeti ifunge. Hapa ndipo siri ya ile mashine inayorudi baada ya wiki mbili: rezista moja iliyopanda kutoka omu 47 hadi elfu kadhaa inafanya mosfeti yake ifunguke na kufunga polepole, ichemke, ife, na kuua wenzake.

Kabla ya kuweka mosfeti mpya, washa bodi kupitia globu bila mosfeti. Aisii (chipu) inayoziendesha kwa kawaida ni TL494 au KA7500, ambazo zina miguu inayofanana. Mguu wa 12 uwe na volti za betri, wa 7 ni ethi, wa 14 utoe volti 5 kamili. Mguu wa 4 ukiwa juu ya volti 3 hivi, aisii imeamriwa inyamaze, na saketi ya ulinzi ndiyo iliyoiamuru, usiitupe aisii. Inapofanya kazi, sehemu za G za makundi yote mawili, zikipimwa kwa volti za moja kwa moja, zisome karibu sawa, mara nyingi 4 hadi 5. Upande mmoja ukisoma 5 na mwingine 1, au mmoja ukiganda kwenye 11, ukiweka mosfeti umezichoma. Mwenye osiloskopu, hata ile ndogo ya kuunga mwenyewe, ataona zaidi: mawimbi ya mraba yanayorudi hadi sifuri kila yanaposhuka.

Uamuzi wa kununua nini nao una mtego. IRFZ44N ni ya volti 55 na ampea 49. IRF3205 ni ya volti 55 pia na inabeba zaidi ya mara mbili. Wengi huweka 3205 mahali pa Z44 wakiamini wameiimarisha mashine. Lakini G ya 3205 inahitaji chaji nyingi zaidi: kapasitansi yake (kiasi cha chaji inachohifadhi) ni pikofaradi 3247 kwa karatasi ya kiwanda, dhidi ya 1470 ya Z44N. Saketi iliyotengenezwa kuendesha Z44 inachelewa kuifungua, na joto linazaliwa katika kuchelewa huko. Weka namba iliyotoka, isipokuwa umepima mawimbi na kuridhika.

Kapasitansi hiyohiyo inafichua feki. Ukinunua 3205 Kariakoo, beba kile kipimo kidogo cha vipuri chenye soketi ya miguu mitatu. Mosfeti halisi itaonyesha zaidi ya 3247, kwa sababu kiwanda kilipima kukiwa na volti 25 kwenye D na kipimo chako hakina hizo. Inayoonyesha 1000 hivi ni kipande kidogo cha silikoni kilichoandikwa jina kubwa. Muuzaji anayekataa usipime, mwache na mali yake.

Daiodi na upande wa sauti

Daiodi za kunyoosha huwa mbilimbili ndani ya kipuri kimoja cha miguu mitatu, na zipo za aina mbili zinazofanana kwa macho. MUR1620CT imeunganisha kathodi (upande umeme unakotokea), MUR1620CTR imeunganisha anodi (upande unakoingilia). Ukizibadilishana nafasi, umetengeneza shoti mwenyewe. Daiodi za kawaida za chaja, mfano 1N5408, zisikaribie hapa. Zimezoea mizunguko 50 kwa sekunde, kwenye elfu 40 zinachemka hata bila mzigo.

Transista za sauti, kwa mfano jozi ya A1941 na C5198 au TIP35C na TIP36C, pima kati ya kolekta na emita, miguu inayopitisha umeme mkubwa. Ikiwa na shoti, angalia rezista yake nyeupe ya emita, yenye omu chini ya moja. Kwa kawaida imekatika. Badilisha jozi, sio upande mmoja. Kisha washa kwa globu, mguu mweusi wa mita ukiwa kwenye ganda la RCA, sio kwenye ethi ya betri, kwa kuwa mashine nyingi zimetenganisha ethi hizo mbili. Volti chanya na hasi zilingane. Kwenye skrubu za spika, bila spika, kusizidi milivolti 50. Zikiwa mamia, usiunge spika. Koili itaungua kimyakimya.

Mashine za mfumo wa D zenye aisii ya IRS2092 ni habari nyingine. Bila osiloskopu ni afadhali uwaachie walio nayo.

Mlio unaopanda na kushuka kwa kufuata injini si ugonjwa wa amplifaya mara nyingi. Chomoa RCA: ukikoma, unatoka kwenye redio au waya wake, na waya wa RCA uliolazwa pamoja na waya wa umeme ndio wa kushukiwa kwanza. Sauti ya upande mmoja inayokatika gari likipita kwenye matuta ni lehemu iliyopasuka kwenye jeki ya RCA. Yeyusha upya, ongeza risasi mpya, inatosha.

Kuifunga

Mosfeti mpya isiwashwe hata sekunde chache kabla haijabanwa kwenye bati la kupoza. Bati la nyuma la mosfeti limeunganishwa na D, kwa hiyo lazima kuwe na mika au mpira wa kuzuia umeme kati yake na alumini. Ukiwa umetoboka, badilisha, usizibe kwa selotepu. Mafuta ya kupitishia joto yawe utando mwembamba pande zote mbili za mika, na mpira usipakwe kitu. Kabla ya kuwasha, pima omu kati ya D na bati: kusisomeke kitu.

Kama mashine ililowa maji ya mafuriko, usiiwashe kuona kama inafanya kazi. Osha bodi kwa spiriti ya asilimia 99 na mswaki, ikaushe siku nzima, ndipo uanze vipimo vyote hapo juu. Bodi iliyoungua hadi ikawa mkaa chini ya transfoma haitengenezeki kwa faida, kwani mkaa unapitisha umeme na utaendelea kuungua. Iuze kwa vipuri.

Iliyopona, ipigishe mezani nusu saa bila globu, kwa fyuzi ya ampea 10 na spika ya omu 4, sauti ya wastani. Gusa mosfeti za makundi yote mawili baada ya kuzima: joto lifanane. Upande mmoja ukiwa wa moto kuliko mwingine, rudi kwenye rezista za G kabla ya kumpigia mteja simu. Na akija kuichukua, aje na gari, upime ethi na spika zake kabla hujafunga skrubu hata moja.